Ulizeni Ukuta Kwanza

Hotuba kwa walimu wa historia na vijana wanaotembeza wageni, Kilwa Masoko

Wazee wetu mliovuka kutoka Kilwa Kisiwani, shikamooni. Walimu wenzangu, vijana mnaotembeza wageni, na ninyi wanafunzi mlioketi kule nyuma chini ya mwembe, njooni mbele kidogo, nafasi ipo. Asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuifundisha historia ya mahali hapa ili msikilizaji asisinzie. Nina jambo moja tu. Anzeni na kitu kinachoonekana, mkiulize, na mwacheni msikilizaji wenu ahangaike nacho kabla hamjamwambia lolote. Majina ya masultani na miaka yao yatakuja baadaye, tena yatakuja yakiwa yanahitajika.

Tumezoea kufanya kinyume. Mtoto wa darasa la sita anavushwa kwa mashua, anasimamishwa juani mbele ya Msikiti Mkuu, anasomewa: ulijengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, eneo likaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Anaandika daftarini, anapiga picha na wenzake, anarudi. Wiki ijayo mwulize alichokiona. Atakujibu, "Magofu." Jibu hilo huniuma kila ninapolisikia, maana mtoto huyo alikuwa amesimama ndani ya mji uliokuwa ukijulikana Aden, Hormuz na Lisbon, na sisi tuliompeleka tukamrudisha mikono mitupu.

Basi tuanze na ukuta.

Ingia katika nyumba yoyote ya mawe, iwe Kisiwani au kisiwa jirani cha Songo Mnara. Utakuta chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake kama mita 3 hivi, mara nyingi pungufu. Toka, ingia cha pili: vilevile. Sasa waulize watoto: watu waliokuwa na dhahabu, waliokula kwenye bakuli za Uchina, kwa nini wakajibana namna hii? Waache wabuni. Mmoja atasema walikuwa wafupi. Mwingine atasema walikosa mawe. Msiwakatize. Waambieni tu watazame juu, pale dari ilipokaa, waone vitundu vilivyojipanga ukutani. Ndimo zilimochomekwa boriti. Boriti ni mti wa mkoko, na mkoko hauongezwi urefu. Ukishaukata, huo ndio upana wa sebule yako, uwe sultani au uwe mvuvi mwenye uwezo. Mtoto aliyekulia hapa amewaona watu wakikata miti hiyo, amelala chini ya dari kama hiyo kwa bibi yake. Akigundua mwenyewe kwamba mti wa kwenye tope ndio uliopanga nyumba za matajiri wa miaka 700 iliyopita, hatasahau. Na wewe hujataja hata mwaka mmoja.

Kisha mpelekeni kwenye jiwe lenyewe. Mawe ni ya namna mbili, na tofauti yake inaonekana kwa jicho tupu. Lile la kujengea ukuta ni tumbawe la nchi kavu, gumu, limejaa mashimo na vipande vya makombe. Lile la kibla, la miimo ya milango na la vidaka lina sura nyingine: jeupe, chembe zake ndogo, limechongwa kingo kali. Hilo lilikatwa chini ya bahari likiwa hai. Likitoka majini ni laini, linakubali patasi. Likikaa hewani linakuwa gumu. Kwa hiyo fundi hakuwa na nafasi ya kusema nitalimalizia mwezi ujao. Mwambie mtoto asogeze macho karibu, mikono nyuma, atazame. Ataona vinyota vidogo vidogo vimesongamana, elfu na elfu. Kila kimoja kilikuwa nyumba ya mdudu wa baharini. Na chokaa iliyoshika mawe hayo ni tumbawe lilelile, lililopangwa juu ya lundo la magogo likachomwa mpaka likalainika kuwa unga. Mkifika hapo hamna haja ya kuwaeleza kwamba Waswahili walikuwa watu wa bahari. Wamekwisha kuiona bahari ikiwa imesimamishwa wima.

Msikiti Mkuu nao una la kusema kwa anayetazama nguzo. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, ndogo, ya kiasi. Ile ya kusini yenye makuba na matao ilianzwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na hapo mwanzo nguzo zake zilikuwa za tumbawe, kila moja jiwe moja zima. Fikirini kazi ya kukata jiwe refu hivyo baharini, kulifikisha pwani, kulisimamisha. Paa lile lilianguka. Karne iliyofuata wakajenga tena, safari hii kwa nguzo nene za mawe na chokaa zenye pembe nane, ndizo mnazoziona leo. Hapo pana somo zima la ufundi: watu walijaribu jambo kubwa, likawashinda, wakajifunza, wakarudia. Mimi napenda zaidi kuwaonyesha watoto nguzo hizo za mara ya pili kuliko kuwaambia kwamba msikiti huu ulikuwa mkubwa kuliko yote ya pwani hii, ingawa hilo nalo ni kweli kwa zama zake.

Niende kwenye nguo, maana hapa ndipo penye utajiri kuliko mahali pote, na hapa wazee wataniongoza baadaye.

Kila aliyezaliwa Kilwa anaijua habari ya kisiwa kununuliwa kwa nguo. Mgeni alikuja kwa jahazi kutoka Shirazi, Uajemi, akamkuta mwenye nchi, akaomba kununua kisiwa. Mwenye nchi akasema: tandika nguo zikizunguke chote. Zikatandikwa. Mwenye nchi akachukua nguo zake akahamia bara. Khabari hii imo katika tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia yake, iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, na Mreno João de Barros naye aliandika historia ya masultani hawa mwaka 1552. Masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa hapa wakati wa Wajerumani yanaongeza jambo ambalo maandishi ya Kiarabu hayalitilii mkazo: mwenye nchi anaitwa Mzee Mrimba, na mgeni yule alimwoa binti yake. Mtoto aliyezaliwa ndiye aliyeunganisha pande mbili.

Kwa miaka mingi wataalamu waliichukulia kama ngano. Wengine wakaishika upande mmoja wakasema kila kitu hapa kililetwa na wageni. Wengine wakashika upande wa pili wakasema Shirazi ni jina la kujikweza tu. Mwaka 2023 ukachapishwa uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara. Kilwa na Songo Mnara zimo. Matokeo yake yaliwanyamazisha watu wengi. Asili ya kina mama wa watu hao ni ya Kiafrika karibu yote. Kwa upande wa kina baba imo asili kubwa ya Asia, na sehemu yake kubwa mno ni ya wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Yaani bibi aliyekaa jioni akimsimulia mjukuu wake juu ya binti wa Mrimba alikuwa ameshika kitu ambacho maabara ilikuja kukikuta baada ya karne nyingi. Sisemi kila neno la ngano lilitokea. Nasema wazee hawakuwa wakipiga porojo, na mwalimu anayewapita wazee wa Kisiwani bila kuwauliza anajinyima.

Tena msiiachie nguo hapo. Mkiwa mnatembea katikati ya magofu mtakiona chini kigae kidogo, kimechongwa mviringo, katikati kimetobolewa tundu. Mtoto atakipita kwa sababu hakina rangi, hakina maandishi. Mwambieni achuchumae. Kigae hicho kilikuwa chungu kilichovunjika. Mtu akakichukua, akakisugua kingo mpaka kikawa duara, akakitoboa, akakichomeka kwenye kijiti kiwe uzito wa kusokotea uzi wa pamba. Wachimbaji wamevipata vingi hapa. Maana yake Kilwa, iliyonunuliwa kwa nguo katika hadithi, ilikuwa pia inasokota nyuzi kwa mikono yake. Sultani ana jina lake kwenye sarafu. Aliyesokota uzi hana jina popote, ana kigae hiki tu.

Na kigae kikae palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kukichukua, hilo mnalijua. Lakini watoto waelezwe sababu yenyewe: kigae kikiwa chini kinajua jirani zake, kinajua kimo chumba gani, tabaka gani. Kikiwa mfukoni mwa mtu hakijui chochote.

Sasa nije kwa mgeni wetu maarufu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alishuka hapa. Kila kipeperushi cha utalii kinanukuu sifa zake kwa mji huu, kwamba ni katika miji mizuri iliyojengwa vizuri, kisha kinaishia hapo. Msomeeni mgeni wenu kinachofuata. Anamsimulia sultani huyuhuyu al-Hasan, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Siku ya Ijumaa sultani ametoka kuswali, njiani akasimamishwa na fukara mmoja kutoka Yemen. Fukara akasema anataka nguo alizovaa sultani. Sultani akakubali. "Sasa hivi?" "Sasa hivi." Akarudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita fukara achukue. Watu wakamsifu mno. Mwanawe, mrithi wake, akazitwaa zile nguo kutoka kwa fukara na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Niliwahi kuisimulia habari hii kwa wanafunzi wa sekondari, pale pale msikitini. Walicheka kwenye nguo, wakafurahia. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, wale ishirini walitoka wapi?"

Hilo ndilo swali. Ndilo ambalo orodha ya masultani haitalizaa kamwe. Watu ishirini wametajwa pamoja na pembe, wakapewa mtu aliyeomba nguo, na hatujaambiwa jina la hata mmoja wao wala kwao. Ukarimu uliosifiwa siku ile ulilipwa na watu wengine. Msiogope swali hilo, na msilifunike kwa kusema zama zile zilikuwa hivyo. Mkae nalo. Kisha mwambieni aliyeuliza kwamba mambo hayakuishia hapo: mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, na karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya biashara hiyo, watu wakishushwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Wapo kati yetu hapa wenye damu ya wale walioletwa, na wapo wenye damu ya walioleta, na wengi wana zote mbili. Urithi tunaojivunia makuba yake una chumba hiki pia. Mtoto anayeonyeshwa vyumba vyote anawaamini walimu wake. Anayefichwa kimoja atakuja kukiona mwenyewe, na atajiuliza tulificha nini kingine.

Haya, utajiri wenyewe ulitoka wapi? Hapa msihangaike na ramani ya ukutani, tumieni upepo. Kila mvuvi aliyeketi hapa anajua kaskazi huanza kuvuma kuelekea Disemba, na kusi huanza mwezi wa Aprili. Jahazi lililotoka Uarabuni au Uhindi kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi ya mwaka uleule. Likiteremka zaidi kusini, hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, lilikuwa hatarini kukwama likingoja msimu mwingine. Na dhahabu ilikuwa inatoka Sofala, ikiletwa kutoka nyanda za juu za Zimbabwe. Kwa hiyo mji uliokaa pale upepo unapoishia ndio ulioshika mlango, ukatoza ushuru kwa kinachopanda na kinachoshuka. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe. Muulizeni kijana yeyote wa Kivinje anayepeleka dagaa kwa mashua. Atawafahamisha habari ya upepo vizuri kuliko kitabu cha kidato cha pili.

Sarafu hizo ni za shaba, ndogo. Upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, upande wa pili jina la sultani, na pande hizo mbili zina vina: ukisoma ya kwanza ukageuza, sauti inaitikia. Shairi la mishororo miwili mfukoni mwa muuza samaki. Nyingi zimepatikana pwani hii hii. Lakini mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, akilinda visiwa vya Wessel huko kaskazini mwa nchi yao, aliokota mchangani sarafu tisa. Nne za Kiholanzi, tano za Kilwa. Wapeni watoto habari hiyo muwaachie dakika kumi. Mtashangaa watakayoyabuni, na kila watakalolibuni litahitaji upepo, chombo, na sababu ya kwenda. Yaani watakuwa wanafanya kazi ya mwanahistoria bila kuambiwa.

Dhahabu nayo ipo, inaonekana hadi leo, ila si hapa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji huu, mizinga ikiuelekea, akamlazimisha mtawala alipe kodi ya dhahabu. Ilifika Lisbon 1503. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha kanisa, kikakamilika mwaka 1506: mitume kumi na wawili wa dhahabu, wamepakwa rangi za kung'aa, wamepiga magoti duara. Kwenye kitako chake imeandikwa wazi kwamba imetokana na dhahabu ya kodi ya Quiloa. Ndiyo sisi. Kipo katika jumba la makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Lisbon, na Wareno wanakihesabu kati ya kazi bora za nchi yao. Na wakati fundi akiwa bado anakifua, Julai 1505, meli za Francisco de Almeida zilikuja hapa, zikauteka mji na kuupora, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka. Ningependa kila mtoto wa wilaya hii aione picha ya chombo kile walau mara moja, akiwa amesimama Kisiwani, ajue kwamba kutoka miguuni pake ndiko dhahabu ile ilipopakiwa.

Nimeongea sana juu ya vya kale, na muda unakwenda. Niseme ya kazi.

Msitembeze watu kila mahali. Husuni Kubwa peke yake ina vyumba zaidi ya 100, ina birika la pembe nane, ina ngazi za kuteremkia baharini. Asubuhi nzima haitoshi. Swali lake ni moja: kwa nini sultani ajenge nje ya mji, juu ya jabali, jumba lisilokamilika na lililokaliwa muda mfupi tu? Chagueni majengo mawili, matatu. Mgeni aliyekaa saa nzima mbele ya jengo moja huenda akarudi mwakani. Aliyekimbizwa kwenye tisa ataondoka na miguu inayouma.

Waonyesheni pia panapobomoka. Mwaka 2004 eneo hili liliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na halikutoka mpaka 2014, baada ya kazi kubwa ambayo wakazi wa Kisiwani waliishika kwa mikono yao, wakafyeka, wakachoma chokaa, wakapanda mikoko. Bahari imekwisha kula kipande cha Gereza, ile ngome kongwe ya ufukweni. Watoto wakisikia kwamba mkoko ule ule uliobeba dari za masultani ndio unaozuia mawimbi yasimalize kuta zilizobaki, watauangalia kwa heshima nyingine.

Na jamani, kijiji. Kisiwani wanaishi watu. Wana makaburi yao kati ya magofu hayo, wana mahali pa ziara, wana mahali ambapo hawapendi mtu apite na viatu. Kabla hamjafungua mdomo pale, mtafuteni mwenye habari, mmsalimie, mkae, mwombeni aseme yeye. Malipo yake yawe ndani ya hesabu ya safari, kama yalivyo ya nahodha.

Kesho tunavuka saa moja asubuhi, maji yakiwa bado yamejaa. Tutakuwa wawiliwawili, mwalimu na kijana mmoja wa kutembeza wageni. Kila wawili watapewa ukuta mmoja au kitu kimoja, na watarudi na maswali matatu ambayo mtoto anaweza kuyafanyia kazi kwa macho yake tu, bila kusomewa. Miaka na majina tutavijaza mchana, tukisharudi.

Sasa ninawaomba wazee wa Kisiwani watusimulie habari ya Mrimba na nguo, kama walivyoipokea wao. Mzee, karibu mbele. Kijana mmoja amletee kiti.